Sarafu Isiyo na Mwaka

Sarafu ya shaba ya Ali bin al-Hasan, mtawala ambaye mapokeo ya Kilwa yanamhesabu kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi, ina jina lake upande mmoja, na upande wa pili ina maneno ya kumtegemea Mungu. Pande hizo mbili zimetungwa kwa vina: ukiigeuza sarafu, sauti ya mwisho inaitikia jina la sultani. Fundi aliyejali kina kiasi hicho kwenye kipande kidogo cha shaba hakuandika mwaka wala mji, ingawa dinari za Misri za zama hizo ziliandika vyote viwili. Kwa pengo hilo, wataalamu wawili waliobobea walipishana kwa zaidi ya karne mbili. Freeman-Grenville, akitegemea zaidi tarikhi zilizoandikwa, alimweka Ali mnamo mwaka 957. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alimshusha hadi mwishoni mwa karne ya 12.

Hoja ya Chittick inastahili kusikilizwa kwa utulivu, maana ni ya mtu aliyekataa kuridhika na masimulizi peke yake. Tarikhi ya Kilwa tunayo kwa Kiarabu na kwa muhtasari wa Kireno wa João de Barros uliochapwa mwaka 1552, na nakala hizo hazilingani. Zote ziliandikwa karne nyingi baada ya mambo zinayoyasimulia. Anayejumlisha miaka ya kila mtawala hurithi makosa ya wote waliotangulia kuhesabu, tena mwaka wa Hijria una siku 354 hivi, kwa hiyo miaka 100 ya jua ni takriban 103 ya mwezi. Chittick aliona ni salama zaidi kuuliza udongo: sarafu hizi zimelala tabaka lipi, pamoja na vyungu vya wakati gani? Kitabu chake cha mwaka 1974, chenye juzuu mbili, kimejengwa juu ya swali hilo.

Mwaka 1984, mwaka huohuo aliofariki Chittick, hazina ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, ya mwisho kati yake ikiwa ya mwaka 1066 hivi. Miongoni mwa sarafu za fedha zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Ghafla karne ya 11 ikawa na nguvu. Mpinzani atasema dinari inaweza kufichwa miaka mingi baada ya kupigwa, na ni kweli: dhahabu hiyo inathibitisha tu kwamba hazina haikufukiwa kabla ya 1066. Lakini kanuni hiyohiyo inaigusa Kilwa. Tabaka linaonyesha sarafu ilianguka lini, halionyeshi ilipigwa lini, na shaba hupita mikononi mwa watu vizazi na vizazi. Kukosekana kwa dinari za baadaye kunaelekeza kwenye maziko ya mapema, na hapo naona mizani imemwelemea Chittick, ingawa njia yake ndiyo iliyotufundisha kupima.

Wapo watakaouliza karne moja inabadilisha nini. Inabadilisha nani alimtangulia nani. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kwa hesabu ya Chittick, msikiti huo ulikwisha kusimama kabla ya Ali kutawala. Kwa ushahidi wa Mtambwe, Ali ndiye wa kwanza. Tusipojua yupi alitangulia, hatuwezi kusema mji upi uliufundisha mwenzake. Mwanakronolojia anashika sababu za historia mkononi, na kitabu cha shule kinachoandika 957 bila kueleza mwaka huo ulipatikanaje kinamnyima mwanafunzi sehemu bora ya somo. Mwaka 1331, Ibn Battuta alipomkuta al-Hasan bin Sulaiman akitawala Kilwa, tuna uhakika. Kabla ya hapo tuna mfuatano unaobishaniwa, na bado haijajibiwa kama Ali wa fedha ya Pemba na Ali wa shaba ya Kilwa ni mtu mmoja.