Gari ya umeme ya familia kwa kupeleka mizigo: uchague laini au inayoshika barabara?



Wengi wetu tulianza kwa kumkabidhi boda mzigo na kuomba Mungu ufike salama. Mimi nauza vyombo: glasi, sahani, vikombe. Sitasahau seti ya glasi 12 iliyoenda Nzuguni zikafika 7 nzima. Boda wa watu hakuwa na kosa, njia yenyewe ndiyo ilivyo. Nikamrudishia mteja hela yake, faida ya wiki nzima ikaishia pale. Ndo nikaanza kutafuta gari ndogo, ya kubeba oda katikati ya wiki na kubeba familia Jumapili.

Ukitafuta gari za mtumba kutoka Japani siku hizi utakutana na za umeme, hasa Nissan Leaf. Gari hii ilianza kuuzwa Desemba 2010. Majirani zetu Nairobi waliiona mapema, kampuni ya teksi ya Nopea Ride ilianza nazo 2018. Mtu wangu wa karibu anayo moja, akaniachia siku nzima nizungushe mizigo hapa Dodoma. Mambo ya chaji na betri tutayaongelea siku nyingine. Leo nataka tuongelee kitu ambacho muuzaji hukwambii: inavyotikisika, na inavyoshika barabara.

Hivi vitu viwili huwa vinavutana

Gari laini ni ile ambayo springi zake zinabonyea kirahisi. Ukipita kwenye tuta au shimo, springi inameza ule mshtuko, wewe na mayai yako mnabaki salama. Shida inakuja kwenye kona. Springi laini zinaachia gari ilale upande mmoja, na mzigo unahamia huko huko.

Gari ngumu ni kinyume chake. Kwenye kona inasimama wima, ukigeuza usukani inakusikiliza saa hiyo hiyo. Ila ikiingia vumbini, kila kokoto unaihesabu kwa mgongo, na glasi zinagongana njia nzima.

Katikati yao kuna shokapu. Watu wanadhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Hapana, inayobeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya shimo. Ndiyo maana gari yenye shokapu zilizokufa inakuchanganya: tuta la kwanza unaona laini tamu, ukikutana na matuta matatu mfululizo inayumba kama mtumbwi.

Umeme unabadilisha nini hapo?

Kwanza uzito. Toyota IST tunayoijua ina kama tani moja. Leaf ya kwanza ina kama tani moja na nusu, na betri peke yake inakaribia kilo 300. Uzito huo unahitaji springi zenye nguvu zaidi, la sivyo gari itaburuza tumbo. Kwa hiyo usishangae ukiona gari ya umeme inagonga kidogo kwenye mashimo madogo ya mwendo mdogo.

Faida ni kwamba betri imelala chini ya sakafu. Uzito ukiwa chini, gari hailali sana kwenye kona. Mimi nililiona hili kwenye kipilefti, maboksi yalitulia kuliko nilivyozoea kwenye gari za kukodi.

Lakini usidanganyike. Uzito uko pale pale. Boda akikuingilia ghafla ukiwa na mwendo njia ya Mtumba, ukimkwepa, ile tani moja na nusu inataka kuendelea mbele. Inahitaji tairi nzuri, breki nzuri na shokapu nzima. Usiseme kushika barabara ni habari za watu wa kona za mlima Nyang'oro wanaoenda Iringa. Leaf ya zamani ya betri ya 24 hata haifiki Iringa bila kuchaji njiani. Hapa hapa mjini ndipo utakapohitaji gari inayotii usukani.

Mguu wako nao unavunja glasi

Hili nilijifunza kwa hasara ya sahani mbili. Gari ya umeme ukikanyaga inavuta pale pale, haisubiri injini ipande. Mzigo unarudi nyuma. Ukiachia mguu, mota inageuka kuwa jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na gari inapungua mwendo kama umegusa breki. Mzigo unakuja mbele. Ukiendesha kwa kukanyaga na kuachia, boksi linatembea siku nzima hata kama barabara ni lami tupu. Weka ile hali ya Eco, gari inakuwa pole zaidi. Halafu achia mguu taratibu.

Tairi: springi ya bei rahisi

Soma namba za ubavuni. 205/55R16 maana yake upana ni milimita 205, na ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani kama milimita 113. IST nyingi zina 185/65R15, ubavu wake kama milimita 120. Ubavu mrefu unameza mashimo zaidi. Kwa hiyo ukipewa kuchagua kati ya Leaf ya rimu 16 na ya rimu 17, kwa njia zetu za mitaani chukua 16. Rimu kubwa inapendeza kwenye picha, ila shimo moja la Nkuhungu linaweza kuipinda.

Angalia pia namba ya uzito inayofuata ukubwa wa tairi. 88 ni kilo 560 kwa kila tairi, 91 ni kilo 615. Gari ni nzito na wewe unaongeza mzigo, usifunge tairi yenye namba ndogo kuliko iliyoandikwa na mtengenezaji eti kwa sababu ni ya bei rahisi.

Upepo je? Wapo wanaopunguza upepo ili gari iwe laini. Kweli itakuwa laini, ila ubavu wa tairi utakunjika kwenye kona, tairi itapata moto, rimu itagonga shimo, na chaji itaisha haraka. Fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari za Japani zinaandika kPa, na 250 ni sawa na 36 kwenye pampu zetu. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Kabla hujalipa, fanya jaribio la ndoo

Usijaribu gari ikiwa tupu kwenye lami ya mjini. Hapo kila gari ni nzuri. Fanya hivi:

1. Weka kwenye buti mzigo wako wa kawaida, ule unaobeba kila siku.
2. Weka ndoo yenye maji nusu sakafuni nyuma ya kiti, mtu aishike.
3. Pita kwenye matuta mawili mfululizo. Baada ya tuta gari ipande mara moja itulie. Ikiendelea kudunda, shokapu zimeisha, punguza bei au ondoka.
4. Pita njia ya vumbi kama mita 500. Sikiliza milio ya chini. Kama inagonga kila jiwe, mpelekee fundi aangalie bushi kabla ya chochote.
5. Zunguka kipilefti kwa mwendo wako wa kila siku. Maji yakimwagika, ndivyo oda zako zitakavyolala.
6. Mwisho muulize aliyekaa nyuma. Dereva ana usukani wa kushika, mama na watoto hawana.

Mzigo nao una nafasi yake. Kizito kikae chini kabisa, kimegusana na mgongo wa kiti, siyo mwisho wa buti. Kizito kikikaa nyuma kabisa, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unalegea. Mapengo yazibe kwa nguo au vipande vya godoro. Boksi lisilo na nafasi ya kutembea halivunjiki kirahisi.

Sasa uchague ipi?

Angalia oda zako za mwezi uliopita. Kama nyingi ziko mitaa ya vumbi na unauza keki, mayai au vyombo, elekea upande wa laini: rimu ndogo, ubavu mrefu, mwendo wa pole. Kama unatoka sana barabara kubwa na una watoto nyuma, elekea kwenye inayoshika barabara, halafu ulaini uutafute kwenye ufungaji wa mzigo. Glasi unaweza kuifungia sponji. Mtoto huwezi.

Mimi bado nakusanya hela. Ila gari nitakayonunua, ndoo ya maji itapanda kabla yangu.

Mtumie mwenzako anayetaka kununua gari ya biashara mwaka huu.