Kumtunza Mama Kunaanzia Serikali ya Mtaa

Mama yangu anaishi Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mdogo wake aliolewa Unguja na yuko huko mpaka leo. Wote wawili wamevuka miaka 70. Mama mdogo hupokea pensheni jamii kutoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mama hapati kitu, kwa kuwa anaishi upande huu wa bahari.

Pensheni hiyo ya Zanzibar ilianza Aprili 2016. Mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au alikuwa akiuza urojo barazani, alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapanda hadi 50,000. Mwaka 2020 ilitungwa huko sheria ya masuala ya wazee. Kenya nayo huwapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za kwao kila mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii.

Huku Bara, Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee. Tuna pia Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60 na kuiweka familia mbele katika matunzo. Maana yake, mipango ya uzee wa mama ni juu yetu wanawe, na kila hatua tunayopiga inakutana na utaratibu wa serikali.

Tuanze na pensheni. Ya Bara ni ya aliyechangia. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hutaka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ndipo ulipwe pensheni ya uzee kila mwezi. Mama ameuza khanga Mtaa wa Kongo tangu sisi wadogo. Hakuna mwajiri aliyemkata mchango. Mimi niliyerithi biashara yake nimejiandikisha NSSF kama mtu aliyejiajiri, maana sitaki wanangu waje kuhangaika kama tunavyohangaika sisi.

Matibabu ndiyo yenye kazi zaidi. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, lakini lazima atambuliwe kwanza. Nilianza kwa mjumbe, nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa kuchukua barua, nikapeleka picha zake na kitambulisho cha NIDA kwa afisa ustawi wa jamii. Kikwazo kikawa umri. Mama alizaliwa kijijini Rufiji, hana cheti cha kuzaliwa. Anajua tu kwamba ilikuwa mwaka wa mafuriko. Ikabidi kula kiapo kwa wakili. Leo kitambulisho kinamfikisha dirisha la wazee bila kupanga foleni ndefu. Dawa zikikosekana, tunaandikiwa tukanunue nje, na dawa za presha ni za kila siku.

Kaka yangu ni mwalimu, ana bima ya NHIF. Utaratibu tulioukuta ulimruhusu kuandikisha mwenza wake na wategemezi wanne, wakiwemo watoto, wazazi na wakwe. Ana watoto watatu. Nafasi ikabaki moja, na wazee wanaoihitaji ni wawili: mama yetu na mama mkwe wake. Tulikaa kikao cha familia sebuleni kwa mama, shemeji akiwepo. Tukakubaliana nafasi aipate mama mkwe, ambaye ana kisukari, na sisi wengine tumchangie mama dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Familia kama yetu zinasubiri iondoe uchaguzi wa namna hiyo.

Kinachomlisha mama ni nyumba ya vyumba sita aliyoacha marehemu baba: kodi ya wapangaji na fremu ya mbele. Madalali hawaishi kubisha hodi, wakitaka ibomolewe lipande ghorofa. Tungesaini chochote kabla ya kufungua mirathi, tungeuana ndugu. Tulifanya kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, tukaupeleka Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akateuliwa. Wosia nao huandikwa mtu akiwa na akili timamu. Mzee akishaanza kusahau majina ya wajukuu, muda umeshapita.

Wapo wanaoniuliza kuhusu makazi ya wazee. Serikali inayo, kama ya Nunge kule Kigamboni, lakini yamewekwa kwa wazee wasio na wa kuwatunza, na wanapokelewa kupitia ustawi wa jamii. Mwenye watoto hawezi kuyafanya mpango wake.

Wabunge wetu, mzee wa Kariakoo na wa Unguja wana njaa moja na presha moja. Bara tunahitaji pensheni ya wazee wote, iliyosimikwa katika sheria. Nawe msomaji, usisubiri mzazi alazwe. Mwezi huu kagua tarehe ya kuzaliwa kwenye NIDA yake, fuatilia kitambulisho chake cha matibabu, na kaeni ndugu wote muandike nani anachangia nini.