Si Kila Kiraka Kichwani ni Mapunye

Unachana nywele asubuhi, mara kidole kinateleza mahali palaini, duara kama sarafu. Jirani anasema ni mapunye. Mwingine anamlaumu kinyozi. Hebu subiri kabla hujanunua dawa ya fangasi.

Kuna ugonjwa unaoitwa alopesia areata. Hauna fangasi wala hauambukizi. Ni askari wa kinga ya mwili wako mwenyewe, seli T, wanaovamia mizizi ya nywele kana kwamba ni adui. Takriban watu 2 kati ya 100 huupata wakati fulani maishani. Kumbe seli shina zinazootesha unywele hukaa juu kidogo ya sehemu inayoshambuliwa, hivyo hunusurika. Ndiyo maana nywele zinaweza kurudi, wakati mwingine zikianza na weupe.

Utautambuaje? Kiraka cha alopesia huwa laini, bila magamba wala usaha. Mapunye mara nyingi huwa na magamba, huwasha, na huwapata zaidi watoto. Angalia na kucha: vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano vinaweza kuandamana na alopesia.

Daktari wa ngozi hutumia dermoskopu, lenzi yenye taa inayokuza karibu mara 10. Pembeni mwa kiraka hutafuta nywele fupi, nyembamba chini na nene juu, kama alama ya mshangao (!). Akiziona, ugonjwa bado unaendelea. Huona pia vidoti vya njano, yaani vinyweleo vilivyojaa mafuta na keratini, ingawa kwenye ngozi nyeusi huweza kujificha. Vidoti vyeusi ni nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, lakini visikudanganye: mapunye nayo yanavyo. Nywele zilizopinda kama alama ya mkato au kujisokota kama kizibuo, hizo ni za mapunye.

Tofauti hii ina uzito. Steroidi hutuliza kinga kwenye alopesia, ila ukiipaka kwenye mapunye unaipa fangasi nafasi ya kuenea. Na mtoto mwenye alopesia anayetengwa darasani "asiambukize wenzake" anaadhibiwa bure.

Kwa hiyo ukiona kiraka, usikimbilie kunyoa kipara. Zile nywele fupi za pembeni ndizo ushahidi. Nenda nazo kwa daktari.