Faida ya mpakani huvuja kwenye vipande vya mwisho vya safari

Mchuuzi anayetoka Dar es Salaam kwenda Rusumo, mpaka wa Tanzania na Rwanda, hubadilisha vyombo vingi kabla ya kufika. Mjini ana mwendokasi, daladala, bajaji na bodaboda. Katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021, anapata mabasi ya mikoani. Akiacha barabara kuu kwenda kijijini kutafuta bidhaa, usafiri unakuwa wa shida. Wengi hupiga hesabu ya nauli ya basi kubwa na kusahau vipande vidogo vya mwanzo na mwisho, na hapo ndipo faida huvuja.

Mjini: magari tele, nafasi ya mzigo finyu

Mabasi ya mwendokasi yalianza kutoa huduma Mei 2016 katika njia ya kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Kariakoo na Morocco. Yana njia zake, hivyo mwenye mkoba mkononi anaokoa muda. Lakini yalibuniwa kubeba watu. Mwenye marobota mawili saa za msongamano hana pa kuyaweka. Atakimbilia daladala, ambako konda anaweza kumdai nauli ya kiti kwa ajili ya mzigo, au atakodi bajaji au kirikuu.

Kigali nako kuna utaratibu wake. Kwenye mabasi ya mjini abiria hulipa kwa kugusa kadi, hakuna kubishania chenji. Anayeshuka Nyabugogo kwa mara ya kwanza inambidi apate kadi kabla ya kuendelea. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu, tena mwenye kofia ngumu, kwa hiyo shehena hutafutiwa gari lake.

Pamoja na hayo, mjini mtu akikosa gari hili hupanda linalofuata. Nauli inajulikana, na kwa Tanzania hupangwa na LATRA.

Kijijini: gari hufuata gulio

Huko vijijini gari huondoka likijaa, si saa ikifika. Vijiji vingi huwa na hais moja au mbili zinazotoka alfajiri na kurudi jioni. Siku ya gulio magari huwa mengi. Siku nyingine kinachobaki ni bodaboda, na bei yake ni ya maelewano. Mvua ikinyesha barabara ya udongo huharibika, bei hupanda, na nyanya zilizokwisha kuchumwa hazimngoji mtu.

Chombo hicho kina historia ya mpakani. Jina bodaboda lilianzia Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo huku wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, "border".

Hesabu ya gunia moja

Chukulia mama anayenunua maharage kijijini akitarajia faida ya Sh10,000 kwa gunia. Bodaboda hadi barabara kuu ikimtoza Sh5,000, wapakiaji Sh1,000, na kirikuu cha kufikisha sokoni Sh2,000, anabakiwa na Sh2,000. Akilala njiani usiku mmoja kwa kukosa gari, hata hizo zinaondoka.

Nafuu ya forodha haimsaidii hapo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha uasili na kuvuka bila ushuru wa forodha, mradi bidhaa ziwe zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho hakilipi nauli.

Wanavyopunguza hasara

Wazoefu huanza na siku ya gulio, kisha ndipo hupanga siku ya kuvuka. Huungana watu wanne au watano wakakodi gari moja kutoka kijijini, na kila mmoja huandika alama kwenye magunia yake. Bei huafikiwa kabla mzigo haujapandishwa, kwa maana ukishafungwa kamba mwenye gari ndiye mwenye sauti.

Mjini hutenganisha mtu na mzigo: mzigo hupelekwa kwa kirikuu au kukatiwa risiti ya kifurushi kwenye basi la mikoani, naye mwenyewe hupanda mwendokasi. Risiti hutunzwa hadi mzigo ufike, kwani bila risiti ni vigumu kudai gunia lililopotea.

Mwisho, huweka akiba ya nauli ya siku moja zaidi. Asiye nayo, gari likiharibika njiani hulazimika kuuza mzigo palepale kwa bei ya mnunuzi.