Taya Linalouma: Kisu Kinafaa Wakati Gani?

Wagonjwa wengi wanakuja dispanseri wakisema: «Munganga, sikio linaniuma.» Tukiliangalia, ni zima. Maumivu yanatoka katika kiungo cha taya, mbele kidogo ya sikio. Weka kidole pale, fungua kinywa na kukifunga: utakisikia kinacheza.

Ndani ya kiungo hiki kuna kigodoro kidogo kati ya mifupa. Kikihama mahali pake, taya linalia «ta!» au linakwama. Wengi wanaogopa kupasuliwa. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa wanapona bila kisu: bukari laini na supu, kitambaa cha maji ya moto, dawa ya maumivu. Muwa na mahindi ya kukaanga, acheni kwanza.

Maumivu yasipopungua baada ya miezi, munganga anaweza kuosha kiungo kwa sindano mbili. Maji safi ya chumvi yanaingia kwa moja, yanatokea kwa nyingine. Kupasua wazi kunakuja nyuma kabisa, kwani karibu na sikio unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Ukiumia, jicho halifungi vizuri. Tena si kila kitu kipya ni kizuri. Katika miaka ya 1980, huko Marekani, watu wengi walitiwa vigodoro vyenye Teflon. Vilivunjika na kula mfupa, na mwaka 1990 serikali yao ikavikamata.

Kuna ugonjwa mmoja, lakini, usiopona kwa dawa: taya kushikana na mfupa wa kichwa. Mtoto anaanguka juu ya kidevu, au usaha wa sikio unaingia katika kiungo. Pole pole kinywa kinajifunga, kidevu hakikui. Huyu lazima apasuliwe. Munganga anakata mfupa ulioshikana, na mara nyingi anatia kipande cha ubavu. Kwa mtu mzima anaweza kutia kiungo cha plastiki na chuma chenye kobalti, ndiyo, kobalti ileile inayochimbwa hapa Katanga! Baadaye mgonjwa afungue kinywa kwa mazoezi kila siku, miezi na miezi, hata kama anaumwa. Akiacha, mfupa unashikana tena.

Leo jioni mwambie mtoto wako asimamishe vidole vyake vitatu kati ya meno ya mbele. Visipoingia, mlete dispanseri.