Salamabila: Kipimo cha jeni chaweza kusaidia kuchagua dawa ya akili, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya muuguzi

Je, mate kidogo ya mgonjwa yanaweza kumwambia muganga dawa gani itamfaa mtu mwenye huzuni nzito au anayesikia sauti zisizokuwepo? Katika nchi tajiri kipimo hicho kimeanza kutumika. Lakini kwa Salamabila, wilayani Kabambare, kusini mwa Maniema, ambako mapigano karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya yamewaacha wengi na majeraha ya moyo, kinaleta nusu ya jibu tu.

Nusu hiyo ni ya kweli. Jeni iitwayo CYP2D6 inasaidia ini kuvunja dawa nyingi za akili, kama amitriptilini na haloperidoli. Ikifanya kazi haraka mno, dawa inaisha mwilini kabla ya kumsaidia mgonjwa. Ikiwa polepole, kidonge kilekile kinajaa damuni na kuleta usingizi mzito au kutetemeka. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kupewa dawa moja, mmoja akapata nafuu, mwingine akaitupa na jirani wakasema amerogwa.

Lakini kipimo hakionyeshi nani ni mgonjwa. Hakuna jeni moja ya wazimu. Ziko nyingi, na kila moja ina nguvu ndogo. Tena, sehemu kubwa ya utafiti imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta karibu watu 29 kwa 100 nchini Ethiopia wana nakala za ziada za jeni hiyo, hali ambayo ni nadra Ulaya kaskazini. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya watu zaidi ya 42,000 Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Congo haimo.

Wakati huohuo, Congo ina ushahidi wake. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kivu kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi yao walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa Congo, si madaktari. Miezi 6 baadaye, 9 kwa 100 kati yao walikuwa bado na dalili kubwa za huzuni au wasiwasi. Kati ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa 42 kwa 100. Hakuna jeni iliyopimwa.

Hata bila maabara, muuguzi anaweza kumpa kila mgonjwa matibabu yanayomfaa: aanze na dozi ndogo, aongeze taratibu, aandike kwenye fishi kila badiliko. Aulize pia kama mgonjwa anameza dawa ya malaria, kwa sababu lumefantrini inaweza kupunguza kasi ileile ya ini. Naye mgonjwa asiache vidonge ghafla. Arudi kituoni aeleze anavyojisikia.

Mashine ikifika kesho Salamabila, bado itahitaji dawa kwenye rafu na mtu wa kumsikiliza mgonjwa. Na ili isome vizuri damu ya watu wa Maniema, lazima watafiti waanze kuwahesabu wao pia.