Nani Anakuandika Daftarini? Kutoka Mbiru ya Upare Hadi Simu ya Kiganjani

Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka Milima ya Upare, wakatoka Mamba, Mbaga, Chome, Suji na Gonja, wakajaa Same, makao makuu ya wilaya. Hawakubeba silaha. Walikuwa na dai moja, na kwa ajili ya dai hilo wakapiga kambi na kupokezana zamu, mashamba yao yakiwasubiri juu milimani.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa imeleta kodi mpya na kuipa jina la kale, mbiru, lililotumika zamani kwa ushuru wa watawala wa jadi. Kila mtu angelipa kulingana na mali yake, na wakadiriaji ndio wangeamua mali hiyo ina thamani gani. Wapare hawakugoma kulipa kodi. Walisema wazi kwamba wako tayari kulipa kiwango kimoja kwa wote. Walichokataa ni mtu kupita akikadiria mali zao, kisha kuziandika kwenye daftari ambalo mwenye mali hana uwezo wa kulihoji. Paulo Mashambo alikuwa mmoja wa viongozi wao. Baadaye wanawake nao, hasa wa Usangi, waliingia kwenye mapambano. Baadhi ya viongozi walihamishwa kwao kwa nguvu, lakini hatimaye serikali iliachana na kodi ile. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mwana wa Upare, aliyaandika haya kwenye kitabu chake kuhusu Mbiru kilichotoka 1971.

Mbiru husomwa kama sura ya madai ya uhuru, na ni haki yake kusomwa hivyo. Ila ndani yake kuna maswali yanayofaa sana zama hizi za simu: nani ananiandika, anaandika nini, atakitumiaje, na akikosea nimlalamikie nani?

Wanaume wale walikuwa wakiuliza mapema. Miaka minne baadaye, Juni 1949, ndipo kilipotoka London kitabu kilichoifanya dunia nzima iyaogope madaftari.

Waliyoyaona kabla hayajawa

Kitabu hicho ni 1984 cha George Orwell, mwandishi yuleyule ambaye riwaya yake nyingine ilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Katika 1984, kila nyumba ya mwanachama wa chama tawala ina kioo ukutani kinachotangaza habari na wakati huohuo kinamtazama na kumsikiliza aliyemo. Hakuna anayejua ni saa ngapi anaangaliwa, hivyo kila mtu huishi kana kwamba anaangaliwa saa zote.

Orwell naye alikuwa amemsoma Mrusi Yevgeny Zamyatin, aliyeandika riwaya ya Sisi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko watu wanaishi katika nyumba za vioo na hawana majina, wana namba. Mwaka 1956 Mmarekani Philip K. Dick akaandika hadithi ya dola linalowakamata watu kwa makosa ambayo bado hawajayatenda. Hadithi hiyo iligeuzwa filamu mwaka 2002, Minority Report, ambamo mashine za madukani zinasoma macho ya mpita njia, zinamwita kwa jina na kumtangazia bidhaa.

Waandishi wa Kiswahili hawakubaki nyuma. Katama Mkangi, mhadhiri wa Nairobi aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha Walenisi mwaka 1995, riwaya ambayo shujaa wake, Dzombo, anaadhibiwa kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani. Mwaka 2002 Kyallo Wamitila alitoa Bina-Adamu!, ambamo dunia iliyogeuzwa kijiji kimoja inaendeshwa na mwenye nguvu mmoja aitwaye P.P. Wote wawili waliandika wakijua maana ya kuishi chini ya mamlaka yanayotaka kuingia hadi ndani ya mawazo ya mtu.

Bunilizi za kisayansi za aina hii si utabiri wa nyota. Mwandishi huchukua jambo lililopo, la daftari, la namba, la kamera, akalisukuma mbele mpaka lionyeshe linakoelekea. Ndiyo maana vitabu hivi vinaposomwa leo vinafanana sana na habari za magazeti.

Kidole juu ya kioo

Mtu wa Same hakuhitaji kusoma Zamyatin ili akutane na namba. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili upya laini za simu kwa alama za vidole, zikilinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Siku ya mwisho iliwekwa 31 Desemba, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Nchi nzima ikapanga foleni.

Mchakato wenyewe ni wa dakika chache. Wakala anakaa chini ya mwavuli akiwa na simu yake na kidude cha kusomea vidole. Mkulima wa tangawizi aliyeshuka kutoka Mamba anataja namba yake ya NIDA, anaweka kidole kwenye kioo, anasubiri. Mara nyingine kidole hakisomeki, kwa sababu jembe limeshalainisha ile michirizi. Anapangusa kidole kwenye suruali, anajaribu kingine. Kikikubali, laini imesajiliwa.

Namba yenyewe ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kila anayeipokea, awe karani, wakala au mwenye duka, ameshajua umri wa mwenye namba kabla ya kuuliza lolote. Watu wengi huitaja kwa sauti katikati ya foleni.

Usajili huu ulikuwa na sababu inayoeleweka. Nchi yenye ujumbe mwingi wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" inahitaji kujua laini ni ya nani. Anayetaka kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA anabonyeza *106#, na ujumbe wa kitapeli unaripotiwa kwenda 15040. Kinachopaswa kuangaliwa ni uzito wa kilichokusanywa. Neno la siri likivuja, mtu hulibadilisha jioni hiyohiyo. Alama ya kidole ikivuja, hana kidole kingine cha akiba.

Mkopo unaosoma majina

Yapo ambayo Orwell hakuyaona. Alidhani kioo kitawekwa ukutani kwa nguvu ya dola. Kioo cha leo kinanunuliwa na mwenyewe, kinachajiwa kila usiku na kulazwa kando ya mto wa kulalia. Na mtazamaji si mmoja: kuna kampuni ya simu, kuna mtandao wa kijamii, kuna mkopeshaji.

Hakuna mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Watanzania kuliko programu za mikopo ya mtandaoni. Mtu ana shida ya ada au dawa. Anapakua programu, na kabla haijafunguka inaomba ruhusa: isome majina yaliyomo kwenye simu, isome ujumbe mfupi, ijue mahali alipo. Mwenye shida hasomi, anabonyeza kukubali. Pesa inaingia, ikiwa imeshakatwa ada. Siku za marejesho zikipita, ujumbe hauendi kwake peke yake. Unakwenda kwa shemeji yake, kwa mchungaji, kwa mwajiri, kwa mtu aliyempigia mara moja kuulizia bei ya mahindi: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Programu nyingine hutuma na picha.

Mikopo ya namna hii imepewa jina mtaani, kausha damu, jina lilelile la mikopo ya riba kubwa inayokusanywa mlango kwa mlango. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo ilikuwa na maana. Hata hivyo, orodha ya majina iliyokwishachukuliwa kwenye simu hairudi kwa sababu programu imefungiwa, na wale shemeji na wachungaji hawakuwahi kuulizwa kama wanakubali namba zao zichukuliwe.

Macho ya Nairobi, kamera za Kampala

Kilichokuwa filamu mwaka 2002 kilifika Nairobi mwaka 2023. Mradi wa Worldcoin, ulioanzishwa na Sam Altman pamoja na wenzake, uliwapanga Wakenya kwenye foleni ndefu katika jumba la KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine ya mviringo, kila mmoja akipata sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha zoezi hilo. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa za miili zilizokusanywa zifutwe, kwa kuwa zilichukuliwa kinyume cha sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Wengi waliopanga foleni walisema wazi walifuata pesa, na hapo ndipo penye uchungu: ridhaa ya mwenye njaa ni rahisi kuipata.

Jijini Kampala, Uganda iliweka mtandao wa kamera za barabarani kutoka kampuni ya Huawei, na kuanzia 2023 nchi hiyo ikaanza kuweka namba mpya za magari zenye vifaa vya kufuatilia gari liliko. Serikali ilieleza kuwa lengo ni kupambana na uhalifu, baada ya mfululizo wa mauaji ya kutisha. Wapinzani walihoji ni nani mwingine atakayeangalia.

Swali hilo halifuti faida za ufuatiliaji. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita Same, na Juni 2025 basi na basi dogo viligongana eneo la Sabasaba, wilayani humo, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Aliyezika ndugu wiki ile hawezi kuona ubaya wowote mwendo wa mabasi ukifuatiliwa na mamlaka. Kufuatilia basi la abiria ili lisipitilize mwendo ni kazi yenye mpaka: chombo kinajulikana, sababu inajulikana, anayeangalia anajulikana. Hatari huanza pale kilichokusanywa kwa sababu moja kinapotumiwa kwa nyingine, na mwenye taarifa hajui.

Tanzania yenyewe imeshaonja mvutano huo mahakamani. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa, kisha akafunguliwa mashtaka chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za kuwatambulisha watumiaji wa jukwaa lake. Kesi zilisikilizwa katika Mahakama ya Kisutu kwa miaka, na mwaka 2020 akatiwa hatiani na kutozwa faini. Waliokuwa wakiandika humo kwa majina ya kupanga, wengine wakifichua ufisadi, walijifunza kwamba usiri wao ulisimama juu ya msimamo wa mtu mmoja.

Sheria ipo, iulizwe

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Iliingia pamoja na haki nyingine mwaka 1984. Ilichukua karibu miaka 40 kupata sheria ya kuitekeleza katika mambo ya taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sheria hiyo inajibu maswali yale ya Same karibu moja baada ya jingine. Mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa na nani na kwa sababu gani. Anaweza kuomba kuziona, kudai zirekebishwe au zifutwe, kukataa kutumiwa matangazo, na kudai fidia akidhurika. Ipo hata haki ambayo Philip K. Dick angeifurahia: mtu anaweza kupinga uamuzi mzito uliotolewa juu yake na mashine peke yake, kwa mfano kunyimwa mkopo na programu bila binadamu kuangalia.

Wala sheria haihusu kompyuta tu. Taarifa binafsi ni taarifa hata zikiandikwa kwa kalamu ya wino. Fikiria kitabu cha wageni kwenye nyumba ya kulala wageni ya mji wowote wa njia kuu: jina, namba ya simu, umetoka wapi, unakwenda wapi. Kinakaa wazi mezani, na mgeni wa saa nne usiku anajaza mstari wake huku akisoma waliotangulia. Vivyo hivyo orodha ya wadaiwa wa ada inayobandikwa ukutani shuleni, na picha ya mgonjwa inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp ili achangiwe matibabu bila yeye kuulizwa.

Haya yanaweza kurekebishwa bila kusubiri Dodoma. Vyama vya ushirika vya wakulima wa milimani, SACCOS, shule, zahanati na halmashauri ya wilaya vinashika taarifa za maelfu ya watu: akaunti za benki, matokeo ya vipimo, ukubwa wa mashamba. Kila kimoja kinaweza kubandika karatasi mlangoni inayosema kinakusanya taarifa gani, nani anaruhusiwa kuziona, na zitakaa muda gani. Mwananchi akiulizwa namba ya NIDA dirishani, aulize ni ya kazi gani kabla ya kuitaja, na aiandike badala ya kuitangaza. Kabla ya kupakua programu ya mkopo, aangalie kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Ikiomba ruhusa ya kusoma majina ya watu, akatae. Na ambaye shemeji yake ameshatumiwa ujumbe wa kumdhalilisha ahifadhi ujumbe huo pamoja na namba iliyoutuma, aupeleke Tume kama malalamiko rasmi, kwa kuwa kila shauri linalofika huko linampa shida zaidi mkopeshaji anayetegemea watu kunyamaza kwa aibu.